Binti yangu anauonea haya umri wangu

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mama mwenye umri wa miaka 51, na nina watoto wawili: binti wa miaka 8 aliye darasa la tatu na mvulana wa miaka 6 aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu. Niliolewa nikiwa na miaka 39, baada ya kusoma, kufanya kazi na kuwasomesha wadogo zangu, na mimba zangu mbili za mwanzo ziliharibika kabla sijajaliwa binti huyu nikiwa na miaka 43. Mume wangu ana miaka 61 na alistaafu mwaka jana. Nilipokutana naye alikuwa mjane mwenye watoto wawili, ambao mama yao alifariki wakiwa bado shuleni. Sasa ni watu wazima: mmoja ni mwanamume mwenye familia yake, na mwingine ni binti wa miaka 32 ambaye hajaolewa na ambaye anawapenda sana wadogo zake hawa.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo lililotokea shuleni. Mwalimu mgeni aliniita bibi mbele ya wanafunzi, kisha akaniuliza kama mama wa mtoto angefika baadaye. Nilicheka, nikamsahihisha, nikadhani yamekwisha. Jioni ile binti yangu aliniomba kwamba kikao cha wazazi kijacho aende dada yake mkubwa badala yangu, kwa kuwa wenzake wamekuwa wakimwambia kwamba analelewa na bibi kwa sababu mama yake alimkimbia. Sikuwa na la kumjibu. Siku chache baadaye, tulipokuwa tukipanga vitabu vyake, aliniuliza bila kuinua macho: "Mama, nikimaliza shule utakuwa bado hai?" Nilimwambia kwamba mimi siendi popote na kwamba sitakufa. Hajaniuliza tena, lakini tangu hapo huamka usiku, huja chumbani kwetu na kusimama kando ya kitanda akisikiliza kama ninapumua.

Mimi mwenyewe nimechoka. Silali vizuri, usiku hupandwa na joto la ghafla mpaka nalowa jasho, na jioni nikirudi kazini nawafokea watoto kwa mambo madogo, kisha naingiwa na majuto na kuwanunulia vitu ambavyo hawakuviomba. Sijawazoesha kazi za nyumbani, kwa sababu naona muda wetu wa kuwa pamoja ni mfupi na sitaki waukumbuke kwa vyombo na mafagio. Mama wenzangu wa darasani wangeweza kuwa wanangu. Katika kundi letu la simu husoma wanayoyaandika na kunyamaza.

Mume wangu yuko nyumbani siku nzima, lakini anasema kwamba yeye alishalea na kwamba watoto wadogo ni kazi ya mama. Kiinua mgongo chake anataka kukitia chote katika ujenzi wa nyumba ya kupangisha. Nikitaja wosia, hunijibu kwamba namtabiria kifo, na mazungumzo huishia hapo. Mimi nitastaafu nikiwa na miaka 60. Kwa upande wangu nimemfikiria dada yangu mwenye miaka 58 awe mlezi wa watoto ikiwa sisi tutaondoka, ingawa bado sijamwambia.

Wapo wanaonifariji kwamba utu uzima dawa, na wapo walioniambia waziwazi kwamba kuzaa katika umri ule ulikuwa ubinafsi. Je, nimewatendea watoto wangu ubaya? Nifanye nini na ombi la binti yangu? Nipake nywele rangi? Na je, niache kazi mapema ili muda uliobaki niutumie pamoja nao?

Mama wa Wawili

*

Mama mpendwa,

Nitaanza na mtoto anayesimama kando ya kitanda chako usiku, kwa sababu mengine yote uliyoyataja yanaweza kusubiri hata mwezi mmoja, lakini hilo halistahili kusubiri.

Watoto wengi, kati ya miaka 5 na 7, huanza kuelewa mambo matatu kuhusu kifo: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi zake zote, na kwamba kila mtu atakufa siku moja. Binti yako ameupita umri huo. Tena kuna jambo ambalo barua yako imelitaja kwa kupita, nami nadhani ndilo kiini cha swali lake: ndani ya nyumba yenu anaishi, au huingia na kutoka, dada anayempenda ambaye mama yake alifariki kabla hajamaliza shule. Mtoto huyu hakulitunga swali lile kutoka hewani, wala hakulipata kwa wenzake pekee. Ana ushahidi nyumbani. Ulipomwambia kwamba hutakufa, alijua kuwa jibu hilo haliwezi kuwa kweli, na alichojifunza ni kwamba jambo hili ni zito kiasi kwamba hata mama hawezi kulizungumza. Akaacha kuuliza, akaanza kulinda.

Kwa hiyo mrudie wewe, usimngoje arudi. Chagua wakati ambao mikono yenu ina kazi nyepesi, kama ule wa kupanga vitabu, kwa maana watoto wa umri huo huzungumza kwa urahisi zaidi wasipotazamwa usoni. Mwambie kwamba uliwaza tena swali lake na kwamba jibu ulilompa halikuwa kamili. Mwambie kwamba kila mtu hufa, nawe pia, lakini kwamba wewe si mgonjwa, kwamba watu wengi wa umri wako huishi miaka mingi zaidi, na kwamba unatarajia kabisa kumwona akimaliza shule. Hayo ni kweli, na hesabu yake iko upande wako. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtoto aliyezaliwa mwaka 2019 alitarajiwa kuishi kwa wastani takriban miaka 73, na wastani huo unajumuisha wote wanaofariki wakiwa wachanga au vijana. Mtu aliyekwisha kufika miaka 51 akiwa na afya ya kawaida ameshazivuka hatari hizo, na matarajio yake ni marefu kuliko wastani huo. Wastani hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na hakuna takwimu inayomhakikishia mtu mmoja chochote. Lakini tofauti kati ya "sitakufa" na "natarajia kukuona ukimaliza" ni kwamba kauli ya pili mtoto anaweza kuiamini.

Usiishie hapo, kwa kuwa mtoto anayeuliza kama mama atakufa huwa pia anauliza nani atamlea yeye. Atalala wapi, nani atampeleka shule, je, atatenganishwa na mdogo wake? Mtoto akilipata jibu la swali hili, mara nyingi lile la kwanza hupungua makali. Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane: jibu hilo leo huna. Huna kwa sababu mume wako hataki kuzungumza, na kwa sababu dada yako bado hajaulizwa. Umeniandikia kana kwamba usiku wa binti yako ni shida moja na wosia wa mume wako ni shida nyingine, lakini mimi naziona kuwa shida moja. Hofu ya mtoto huyu haitaondolewa na maneno ya kumbembeleza peke yake. Itapungua siku utakapoweza kumwambia jina la mtu, ukijua kwamba mtu huyo amekubali.

Kwa sasa mwambie angalau kwamba wewe na baba mnalipanga jambo hilo na kwamba mtamweleza mkimaliza. Akija usiku, usimkemee na usimfanyie mjadala. Mshike mkono, mrudishe kitandani, mwambie umelala vizuri. Ikiwa baada ya wiki kadhaa bado anaamka, au akianza kukataa kwenda shule au kutengana nawe, mtafutie mshauri nasaha wa watoto. Na mvulana wa miaka 6, ambaye bila shaka amesikia zaidi ya mnavyodhani, aambiwe yaleyale kwa sentensi fupi zaidi. Usimwambie kwamba waliokufa wamelala au wamesafiri, maana atauogopa usingizi wako na safari zako.

Kuhusu kikao cha wazazi, nenda. Ukikubali dada yake aende badala yako, utakuwa umethibitisha mbele ya binti yako kwamba umri wako ni jambo la kufichwa. Ukimgombeza kwa kuomba, utakuwa umemnyima nafasi ya kukueleza yanayomsibu. Mweleze kwamba umemsikia, kwamba kutaniwa kunauma, na kwamba mama yake ndiye atakayekaa katika kiti cha mama yake. Kisha mpe la kusema. Watoto wanaotaniwa huumia zaidi wanapokosa jibu, na jibu zuri ni fupi na halina hasira: "Yule ni mama yangu. Alinizaa akiwa na miaka 43." Lifanyieni mazoezi nyumbani, wewe ukijifanya mwenzake mtundu, hadi aweze kulisema bila sauti kutetemeka. Uvumi kwamba mama yake alimkimbia ni wa namna nyingine, kwa sababu huo ni uongo na unamdhalilisha. Mwalimu wa darasa anapaswa kuufahamu, na kikaoni ni mahali pazuri pa kumwambia kando. Wewe mwenyewe ukiitwa bibi tena, sahihisha mara moja kwa sauti ya kawaida na uendelee na lililokupeleka. Binti yako ataupima uzito wa jambo kwa sauti yako kuliko kwa maneno ya wenzake. (Nywele paka rangi ukipenda kuziona hivyo kwenye kioo. Ukizipaka kwa ajili ya lango la shule, utakuwa mtumwa wa rangi hiyo kila wiki chache, na wenye kubahatisha umri wa watu wataendelea kubahatisha.)

Sasa nije kwenye swali la ubinafsi. Sioni mantiki ya shutuma hiyo. Wanawake wamezaa wakiwa na miaka arobaini na kitu tangu zamani; familia kubwa karibu kila moja ina kitindamimba aliyezaliwa mama akiwa na umri kama ule wako, na hakuna aliyemshutumu mama huyo. Kilichobadilika ni kwamba zamani mtoto wa mwisho alikuta nyumba ina kaka na dada waliokwisha kukomaa, na mzazi akichoka kulikuwa na mikono mingine, ilhali siku hizi wengi wanaochelewa wanampata mtoto wa kwanza katika umri huo, na mikono hiyo haipo. Tofauti hiyo inatuonyesha pa kuelekeza nguvu. Watoto wako hawakupungukiwa na mama kijana. Wanaweza kupungukiwa na watu wengine wazima wanaowajua vizuri, ambao wangeweza kuwakimbilia. Nawe una bahati ambayo wengi hawana: kaka na dada wakubwa wapo tayari. Hatari za ujauzito wa umri ule ni za kweli, na daktari hakosei akimweleza anayetafuta mtoto sasa. Kwako zimekwisha kupita na hazina la kukufundisha leo.

Wanaokwambia utu uzima dawa nao wasikulevye. Upo utafiti uliofanywa nchini Denmaki na kuchapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, uliofuatilia watoto walipokuwa na miaka 7, 11 na 15. Uliona kwamba akina mama waliokuwa na umri mkubwa zaidi walipiga kelele na kuwaadhibu watoto wao kidogo kuliko wengine, na kwamba watoto hao walikuwa na matatizo machache ya tabia na ya kihisia wakiwa na miaka 7 na 11. Walipofika miaka 15, tofauti hiyo haikuonekana tena. Mimi husoma matokeo hayo kwa kiasi: umri unaweza kumpa mzazi subira, lakini haumpi kinga ya kudumu, na subira yenyewe inategemea mama aliyelala.

Wewe hujalala. Joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa vipande na hasira za jioni katika umri wa miaka 51 ni mambo ambayo daktari akiyasikia kwa pamoja atafikiria kwanza ukomo wa hedhi, ambao kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, na dalili zake huweza kuanza kabla hedhi haijakoma na kuendelea kwa miaka kadhaa. Hii ndiyo sadfa ambayo wazazi wa umri wako hawaambiwi mapema: kwamba mwili wa mama utaingia katika mageuzi hayo katika miaka ileile ambayo mtoto anajifunza kusoma, anaamka mapema na anahitaji mtu mtulivu jioni. Unadhani umeshindwa kuwa mama mwema, kumbe huenda unahitaji matibabu. Yapo, ya homoni na yasiyo ya homoni, na yapi yanakufaa itategemea historia ya afya yako, kwa hiyo uamuzi ni wako na daktari. Mwombe apime pia shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingoni, kwa kuwa upungufu wa damu na ulegevu wa tezi hiyo huleta uchovu unaofanana sana na huo, na muulize ni vipimo gani vya saratani vinavyokuhusu kwa umri wako. Mume wako naye apimwe. Mzazi wa miaka 61 mwenye mtoto wa miaka 6 hana anasa ya kugundua kwa kuchelewa kwamba ana shinikizo la damu.

Mazoezi nitayataja kwa ufupi kwa kuwa unayajua. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa kasi, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli. Hizo siku mbili ndizo watu wa makamo huziruka, na ndizo zitakazoamua kama utaweza kumbeba mtoto aliyeumia au kuinuka sakafuni mlipokuwa mnacheza. Si lazima ushindane mbio na akina mama wa miaka thelathini.

Hao akina mama, kwa njia, usiwaogope. Wao ndio wenye habari za shule, wenye watoto wa kucheza na wako, na wengi wao wanatamani mtu wa kuwaambia kwamba homa ya usiku mmoja haimaanishi balaa. Andika katika kundi lile swali moja dogo kuhusu kazi ya nyumbani ya mwanao. Yatosha kwa kuanzia.

Zawadi zako za majuto ziache. Unawanunulia watoto vitu ili wakusamehe kosa ambalo wao hawalijui, na mtoto mwerevu hujiuliza mama anaficha nini. Wape kazi za nyumbani pia. Hoja yako kwamba muda ni mfupi inaelekeza upande wa pili kabisa: kama unaamini kweli kwamba huenda watakuhitaji ukiwa haupo, basi wafundishe mapema kupika kitu rahisi, kufua, kupanga vitu vyao na kuamka bila kuburutwa. Ila uwe macho na mpaka mmoja. Kufundisha mtoto kujitegemea ni jambo moja, na kumfanya msaidizi wa uzee wako ni jambo lingine. Binti yako tayari ameanza kukukagua usiku. Asijikute akiwa na miaka 12 ndiye anayekukumbusha dawa na kubeba siri za maumivu yako.

Nimefika kwa mume wako, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani humsomi sawasawa. Mtu huyu ameshazika mke, akabaki na watoto waliokuwa bado shuleni. Anaposema kwamba alishalea, anasema kweli, na huenda alilea peke yake katika miaka migumu kuliko yote maishani mwake. Anapokujibu kwamba unamtabiria kifo, naona uwezekano mkubwa kwamba kifo anachokataa kukiwaza ni chako wewe. Usianze na neno wosia. Mweleze alichouliza binti yenu, mweleze anavyosimama kando ya kitanda, kisha umuulize yeye aliwajibu nini wale wakubwa mama yao alipoondoka, na ni nini alitamani kiwe kimepangwa siku ile. Katika nyumba hiyo, yeye na binti yake ndio wenye ujuzi wa jambo hili, wewe unalijua kwa hofu tu. Anayeombwa ujuzi wake hujibu tofauti na anayesukumwa kutia sahihi.

Akishakubali kuketi, wekeni miaka ya kila mmoja kwenye karatasi moja. Mtoto wenu mdogo atakapofika miaka 18, wewe utakuwa na 63 na yeye 73. Siku utakapostaafu, watoto watakuwa na miaka 17 na 15, yaani miaka yenye ada kubwa zaidi itaanza pale mishahara yote miwili itakapokuwa imekoma. Nyumba ya kupangisha inaweza kuwa uwekezaji mzuri, sina ugomvi nayo, lakini ada hudaiwa kwa tarehe, na jengo ambalo halijapauliwa halilipi ada ya mtu. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya kiinua mgongo inayolingana na makadirio ya ada za miaka hiyo itengwe kwanza mahali salama panapoweza kutolewa kwa wakati wake, kisha sehemu ya akiba ya matibabu yenu wawili, na kinachobaki ndicho kijenge. Kama kinachobaki hakitoshi kumaliza nyumba, basi nyumba iwe ndogo zaidi.

Kisha mlezi. Dada yako anaweza kuwa mtu bora kuliko wote unaowajua, lakini ana miaka 58, na mvulana atakapofika 18 yeye atakuwa na 70. Wazazi wa umri wenu hukosea sana hapa: humchagua mlezi katika rika lao kwa kuwa ndilo wanaloliamini, na hivyo kuwaweka watoto katika hatari ya kufiwa mara mbili. Tazameni kizazi cha chini. Binti wa mume wako atakuwa na miaka 44 wakati huo, anawapenda wadogo zake, na alipita njia ileile wanayoiogopa. Lakini ana maisha yake, huenda ataolewa, na hapaswi kuchukuliwa kuwa mlezi kwa sababu tu hajaolewa. Mwombeni, mpeni muda, na mmweleze wazi kwamba anaweza kukataa bila kupoteza nafasi yake nyumbani. Tajeni na mlezi wa pili. Si lazima anayelea watoto awe ndiye anayeshika fedha zao. Mara nyingi ni salama zaidi wakiwa wawili.

Taratibu za wosia, ulezi na mirathi hutofautiana baina ya nchi, na katika nyingine sheria za dini nazo huhusika, kwa hiyo mwendeeni mwanasheria wa mahali mnapoishi badala ya kunakili fomu ya jirani. Muulizeni hasa kuhusu majina ya warithi yaliyojazwa katika pensheni, bima na akaunti za benki, kwa kuwa katika mifumo mingi fedha hizo humfuata aliyetajwa katika fomu hata kama wosia unasema vingine, na si ajabu fomu za mume wako zikawa bado zina jina la marehemu mkewe. Jueni nyote wawili hati ziko wapi. Na wale watoto wakubwa wawili waambiwe mapema na baba yao mwenyewe yale yaliyopangwa, hasa kaka, kwa sababu ndugu wa baba mmoja hugombana zaidi kwa mambo waliyoyagundua msibani kuliko kwa mambo waliyoambiwa mezani.

Kuna la mwisho kuhusu mume wako, na ni dogo kulitamka lakini litabadilisha jioni zako. Mtu aliyestaafu ana kitu ambacho wazazi vijana hawana kabisa, nacho ni saa za mchana. Mkabidhi safari za shule na kazi za darasani za jioni, moja kwa moja na kwa siku maalumu, bila kusimama nyuma yake ukimsahihisha namna anavyokagua hesabu. Akisema ni kazi ya mama, mkumbushe kwamba mama yuko kazini akipata mshahara unaolisha nyumba. Watoto wa umri wa wenu huhitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku. Wakiwa wamemaliza kazi zao kabla hujafika, wanaweza kuwa kitandani mapema, nawe ukapata saa moja ya kukaa bila kuitwa.

Kuacha kazi sikushauri. Miaka 9 iliyobaki ndiyo inayoongeza pensheni yako, kwa kawaida mwajiri huichangia, na huenda inabeba pia bima ya afya ya watoto; ukiondoka leo utapata saa nyingi zaidi na watoto ukiwa bado umechoka vilevile, kisha utakuwa na hofu ya fedha juu ya hofu uliyo nayo. Muulize mwajiri kama kuna uwezekano wa kupunguza saa au kuanza mapema na kutoka mapema. Pata matibabu ya usingizi kwanza, mume achukue jioni mbili tatu kwa wiki, na uone hali ikoje baada ya muhula mmoja wa shule. Kama bado utatamani kuacha, na ada zikiwa tayari zimetengwa, niandikie tena, tutalipima upya tukiwa na hesabu mkononi.